Chipukizi wa Kitui na Makueni akitaka kurudi kwao: ya kujua kabla ya kumwita msaliti

Kijana wa miaka kumi na tisa ametoka Mutomo au Kibwezi, akashuka Mombasa kucheza kandanda, akapendwa. Siku moja habari zinazagaa barazani kwamba amefunga begi, anataka kurudi kwao. Kabla jua halijatua ameshapachikwa majina. Huyu asema hana shukrani, yule asema amerogwa, mwingine aapa kwamba amenunuliwa na timu ya Nairobi. Ni wachache wanaouliza maswali mawili ya msingi: mkataba wake unasema nini, na huko kwao anarudia nini?

Makala haya yanakusanya mambo ambayo shabiki, mzazi na kiongozi wa timu anafaa kuyajua jambo la namna hii linapozuka. Tunayaandika tukiwatazama vijana wa Kitui na Makueni, kwa sababu wao ni majirani zetu na kwa sababu kurudi kwao kuna ugumu ambao kijana wa Nairobi au Kisumu haujui.

Majirani wa Pwani

Kitui imepakana na Tana River. Makueni imepakana na Taita Taveta. Msafiri wa basi kutoka Mombasa kwenda Nairobi hupita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud, na miji hiyo yote imo Makueni. Reli mpya iliyofunguliwa 2017 nayo ina vituo Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Wakamba walikuwa wakishuka Pwani na misafara ya biashara tangu karne ya 19, na leo ukitembea Changamwe utasikia Kikamba dukani na stejini. Kijana wa Ukambani akija Mombasa kusaka mpira, hajaja ugenini kabisa. Mara nyingi ana mjomba au shangazi wa kumfikia.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Hao ni zaidi ya milioni mbili. Lakini katika Ligi Kuu ya Kenya ya msimu wa 2024/25, iliyokuwa na vilabu 18, hakukuwa na hata kimoja chenye makao katika kaunti hizo mbili. Sisi wa Pwani hatuna la kujivunia sana pia, maana tulikuwa na Bandari peke yake, na hii ndiyo Pwani iliyotoa bingwa wa taifa, Feisal, mwaka wa 1965. Hata hivyo Bandari ni mlango. Ni klabu iliyo chini ya Halmashauri ya Bandari, ilitwaa Kombe la Shield 2015 na tena 2019, na chini yake kuna timu za mitaani na za madaraja ya chini zinazochukua vijana kutoka kote.

Kwa hiyo mtoto mwenye kipaji aliyezaliwa Mwingi au Wote hana hiari. Akitaka kucheza ngazi ya juu ni lazima aondoke, aende Nairobi, Machakos, Thika au Mombasa. Kuondoka kwake hakumshangazi mtu. Mgogoro huanza pale anapotaka kurudi.

Mashabiki na hasira zao

Hasira ya shabiki ina msingi wake, tusiidharau. Shabiki amelipa kiingilio, ameimba jina la kijana, amegombana na wenzake kazini kwa ajili yake. Akisikia anaondoka huhisi kama ameachwa. Lakini mara nyingi hasira hiyo hutangulia habari.

Mfano mkubwa wa miaka ya karibuni uko ng'ambo ya mpaka. Desemba 2022 kiungo Feisal Salum, Mzanzibari anayejulikana kwa jina la Fei Toto, alitaka kuuvunja mkataba wake na Yanga. Aliirudishia klabu Sh112 milioni za Tanzania, akiamini kwamba kipengele cha mkataba kinamruhusu. Yanga ikakataa. Januari 2023 kamati ya shirikisho la Tanzania inayoshughulikia hadhi za wachezaji ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga.

Huku nje mashabiki waligawanyika pande mbili. Wengine walimtukana, wengine wakamtetea kama ndugu yao. Mama yake alipozungumza hadharani juu ya maisha ya mwanawe na kutaja ugali na sukari, maneno hayo yakawa utani wa nchi nzima, ingawa alikuwa mzazi anayesema uchungu wake. Mambo yalikwisha Juni 2023, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuwaomba viongozi wa Yanga wayamalize, na mchezaji akahamia Azam. Msimu uliofuata alifunga mabao 19 ya ligi.

Kisa hicho kina funzo kwetu. Kelele za mashabiki hazikuamua lolote. Kilichoamua kwanza ni karatasi, na kilichomaliza ni mazungumzo. Na kijana aliyesemwa kwamba amejimaliza alirudi uwanjani akacheza vizuri.

Kwa nini kijana hutaka kurudi

Sababu ni nyingi, na mara nyingi huja kwa pamoja.

Ya kwanza ni upweke. Tunawaonea haya vijana wanaosema wamekumbuka nyumbani, tunasema hawajakomaa. Jesús Navas wa Hispania alipokuwa kijana alipatwa na mashaka makubwa ya moyo kila alipokaa mbali na kwao Sevilla, hata akawa anaacha kambi za mazoezi. Klabu yake ilimvumilia na akapata msaada. Mwaka wa 2010 alikuwa katika kikosi kilichotwaa Kombe la Dunia, na 2024 akatwaa Kombe la Ulaya. Kama angefukuzwa kwa udhaifu, Hispania ingempoteza.

Ya pili ni malipo. Kampuni ya SportPesa ilipojiondoa 2019, ligi na vilabu vikubwa vya Kenya vilibaki bila mdhamini, na wachezaji wengi walikaa miezi bila mshahara. Gor Mahia na AFC Leopards zote zimewahi kufungiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya madeni ya watu waliowahi kuzitumikia. Ikiwa vilabu hivyo vyenye mashabiki nchi nzima vilifikia hapo, fikiria timu ya daraja la chini. Kijana anayelala njaa Kisauni ilhali kwao Makueni kuna kunde na mtama ghalani, hajakosea hesabu akitaka kurudi.

Ya tatu ni masomo. Wengi huja kabla ya kumaliza shule au wakiwa wametoka tu kidato cha nne. Mzazi akipata karo ya chuo humwita mwanawe. Michael Olunga alisomea uhandisi katika chuo kikuu cha kiufundi Nairobi huku akicheza, kisha akaenda hadi Japani na 2020 akawa mfungaji bora wa ligi ya huko kwa mabao 28. Mpira na kitabu vinaweza kukaa pamoja, ila klabu ikubali kupanga ratiba.

Ya nne ni familia. Mzazi mgonjwa, msiba, au mvua za mwisho wa mwaka ambazo ndizo tegemeo kubwa la mkulima wa Ukambani. Desemba msimu wa ligi huwa uko katikati, na ndio wakati watu wa bara wanaporudi makwao. Kijana akipewa ruhusa ya siku nne akakaa wiki tatu, huenda hajatoroka. Huenda hakuna mwingine wa kushika jembe.

Na ya tano, tusijidanganye, ni kishawishi cha timu nyingine. Hii ipo. Lakini ni moja kati ya tano, nayo ndiyo tunayoikimbilia kwanza.

Kanuni zinasemaje

Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji ndizo msingi, na shirikisho la kila nchi lina kanuni zake za uhamisho wa ndani zinazojengwa juu ya msingi huo. Mwenye kesi mkononi asome pia zile za FKF. Haya ndiyo makubwa ya kujua.

Kwanza, ni nani mchezaji wa kulipwa? Kwa FIFA ni yule mwenye mkataba wa maandishi na anayelipwa zaidi ya gharama anazotumia kwa ajili ya mpira. Wengine wote ni wa ridhaa. Kijana anayepewa nauli na sahani ya chakula tu, hana mkataba wowote aliotia saini, si wa kulipwa. Huyo amesajiliwa na timu, na kuhama kwake kunahitaji utaratibu wa usajili na dirisha la uhamisho, lakini hakuna mkataba wa kazi aliouvunja. Kumwita mvunja mkataba ni kumsingizia.

Pili, muda wa mkataba. Usipungue hadi mwisho wa msimu, na usizidi miaka mitano. Kwa aliye chini ya miaka 18 usizidi miaka mitatu. Mzazi akiletewa karatasi ya miaka mitano kwa mtoto wa miaka 16, airudishe.

Tatu, mkataba huheshimiwa. Hauvunjwi katikati ya msimu kwa matakwa ya upande mmoja, awe mchezaji au klabu, bila sababu ya haki. Kama mchezaji alitia saini kabla ya kufikisha miaka 28, miaka mitatu ya mwanzo ina ulinzi maalumu. Akivunja ndani yake bila sababu ya haki anaweza kudaiwa fidia na kufungiwa miezi minne, na kosa likiwa zito zaidi, miezi sita.

Nne, mshahara usiolipwa ni sababu ya haki. Klabu ikishindwa kulipa mishahara ya miezi miwili, mchezaji aiandikie barua ya kuidai na kuipa siku 15 zisizopungua. Zikipita bila malipo, ana haki ya kuondoka. Neno muhimu hapa ni barua. Vijana wengi huondoka kimya kimya wakiwa na haki, kisha wanageuka wakosaji kwa sababu hawakuandika kitu.

Tano, kukaa benchi si sababu kwa chipukizi. Kanuni inampa nafuu mchezaji aliyekwisha kukomaa ambaye amecheza chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za msimu. Kijana anayejifunza bado hana budi kusubiri, au kuomba kupelekwa kwa mkopo.

Sita, miezi sita ya mwisho ya mkataba mchezaji yuko huru kuzungumza na klabu nyingine na kutia saini nayo. Hapo haibi mtu wala haibiwi.

Pande mbili zikikosa kuelewana, kuna kamati za shirikisho, na kuna Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo lililoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Barazani hapatolewi hukumu.

Kurudi si kufa

Tuna mfano wa hapa hapa Kenya ambao wengi wameusahau. Victor Wanyama alikwenda Helsingborg ya Sweden 2007, akiwa na miaka 16 hivi, kwa sababu kaka yake McDonald Mariga alikuwa huko. Mariga alipohamia Parma ya Italia, kijana akarudi Kenya. Fikiria maneno ambayo yangesemwa leo: ameshindwa na baridi, amechezea bahati. Mwaka wa 2008 akapata nafasi Germinal Beerschot ya Ubelgiji. Miaka mitatu baadaye alikuwa Celtic ya Scotland. Novemba 2012 akaifunga Barcelona katika Ligi ya Mabingwa, na 2013 akanunuliwa na Southampton, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Benson Omala naye alikwenda Sweden akiwa kijana mdogo, akarudi Gor Mahia. Msimu wa 2022/23 alifunga mabao 26 ya ligi. Baadaye akaondoka tena kwenda nje.

Wote wawili waliporudi, walirudi mahali penye mpira. Nyumbani kulikuwa na klabu, kulikuwa na ligi, kulikuwa na macho ya kuwaona. Hapo ndipo kijana wa Kitui na Makueni anapoachana nao.

Nyumbani kuna nini?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Je, kwao kuna uwanja wa kuchezea? Kwa upande wa majengo hali inabadilika. Sherehe za Mashujaa za 2024 zilifanyika Kwale, na za 2025 zikafanyika Ithookwe, Kitui. Kaunti inayopewa sherehe ya taifa hupata uwanja uliokarabatiwa. Lakini uwanja si ligi. Sherehe ni ya siku moja. Kijana anahitaji mechi kila wiki, kocha mwenye cheti, mwamuzi anayelipwa, na timu ambayo ikishinda inapanda daraja.

Chini ya ligi kuu kuna Ligi ya Taifa ya Supa, kisha madaraja ya kwanza na ya pili, kisha ligi za mikoa na za kaunti. Kaunti kubwa kama Kitui ina taabu yake hapo. Timu ya Kyuso ikicheza na ya Mutomo ni safari ndefu, na nauli hutoka mifukoni mwa wachezaji. Akirudi, kijana wetu hujikuta akicheza mashindano ya wanasiasa, yale ya jezi mpya na kombe la siku tatu, kisha kimya hadi uchaguzi mwingine ukaribie. Baada ya mwaka mmoja amesahauliwa.

Na kuna fedha zinazopotea. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa vilabu vilivyomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 huhesabiwa robo ya asilimia moja, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 nusu ya asilimia. Tufanye hesabu. Kijana akiuzwa nje kwa Sh20 milioni, klabu iliyomlea misimu minne ya mwanzo inastahili asilimia 1, yaani Sh200,000. Iliyokuwa naye akiwa na miaka 16 na 17 inastahili nyingine Sh200,000. Kwa timu ya kijijini hizo ni jezi, mipira na nauli za msimu mzima.

Lakini fedha hizo hupewa klabu iliyosajiliwa na shirikisho, ikiwa imemsajili mtoto huyo kwa jina lake na mwaka wake. Timu isiyo na karatasi haipati kitu, hata kama ndiyo iliyomfundisha kupiga mpira. Watoto wa Ukambani wanaokuja kwetu bila rekodi yoyote ya walikotoka ni hasara ambayo vijiji vyao vimeshaipata kabla ya kujua.

Tufanyeje?

Shabiki asubiri. Ulizia kwanza kama kijana ana mkataba, kama amelipwa, na kama kuna jambo la nyumbani. Ukishindwa kupata jibu, nyamaza. Jina baya likishamkaa mtoto wa miaka 19 halitoki kwa urahisi, na timu nyingine hulisikia.

Klabu zimpe kijana wa mbali mtu wa kumtazama, si kocha wa mazoezi peke yake. Zimpe likizo yenye tarehe iliyoandikwa. Akitaka kweli kuwa karibu na kwao, zimtafutie mkopo katika timu ya Machakos au Nairobi badala ya kumfungia kadi yake kabatini. Kumshikilia mchezaji asiyetaka kucheza hakujampa mtu ushindi.

Mzazi asisaini asichokielewa, na adai nakala. Karatasi iliyobaki kwa wakala peke yake si ulinzi wa mtoto.

Serikali za kaunti za Kitui na Makueni nazo zina kazi. Kusajili timu za vijana, kulipia usafiri wa ligi za chini na kufunza makocha ni gharama ndogo kuliko jukwaa la sherehe. Pwani tunaweza kuwaambia hivyo kwa sababu ugonjwa huo huo tunao. Tana River, Lamu na Taita Taveta hutuma vijana Mombasa kwa njia ile ile, na wakirudi hukuta vumbi lile lile.

Kijana wa Mutomo akifunga begi leo, mkataba wake ndio utakaosema kama anaruhusiwa. Mahakama ya barazani haitaongeza neno. Kilichobaki ni kama akifika kwao atakuta mechi Jumamosi. Akikuta, huenda tukamwona tena akiwa bora kuliko alivyoondoka. Asipokuta, tutakuwa tumempoteza sote, sisi tuliomshangilia na wao waliomzaa.